Madam wa Tafuta

Haya, nyinyi wote mnajificha mvua hapa kwa kibanda ya chai, sogeeni karibu na jiko niwaambie kitu. Wewe wa kofia, punguza hiyo redio, hiyo mpira itachezwa hata kama hauskizi. Na wewe mama wa kabeji, weka gunia chini upumzike. Hakuna mtu atakuibia kabeji hapa Yamumbi. Sisi wote tumezichoka.

Mnajua ile shule iko huko juu, ya geti ya blue? Ukiingia, angalia kuta. Kwa tanki, kwa choo, kwa boma ya ng'ombe, mpaka kwa mti ya avocado, utaona vikaratasi viko na viboksi vyeusi vyeusi, ni kama kitambaa panya ilianza kukula halafu ikakumbuka iko na safari. Hiyo ndiyo inaitwa QR code. Ukiipiga na simu inafaa ikuulize swali, ukijibu inakuambia uende wapi utafute ingine. Lakini ipige leo. Simu itazunguka, izunguke, mpaka betri ianze kulia, halafu ikuambie hapa hakuna kitu. Kuna wageni walitoka mbali na magari ya kung'aa kuja kuona hiyo maneno. Mwishowe wakaonyeshwa ng'ombe. Wakapiga picha na ng'ombe. Na ng'ombe ndiyo ilitoka vizuri kuwashinda wote.

Sasa mimi nataka kuwaambia juu ya mwenye hizo vikaratasi. Sisi tulimwita Madam. Shule ilikuwa na mamadam wengine, wako na majina yao, Madam wa Kiswahili, Madam wa nursery. Lakini ukisema Madam tu, bila kuongeza kitu, hata ng'ombe ilikuwa inasimamisha masikio. Alizaliwa lini, babake alikuwa nani, hiyo sijui na sitaki kujua. Mimi nilimjua kutoka dirisha ya jikoni, na hakuna kioo inaonyesha mtu kama dirisha ya jikoni.

Mimi ndiye mpishi pale. Shule sikusoma, niliingia tu siku nilikuja kutafuta kazi. Kwetu ni upande wa ziwa, nilikuja Eldoret nikiwa na shati moja na mdomo, shati ikaisha. Lakini githeri yangu, mahindi na maharagwe tu, uliza mtu yeyote. Kuna mtoto alikuwa mwisho kwa mbio kila mwaka, akakula githeri yangu term moja, siku ya michezo akakimbia mpaka wakamtuma mtu na pikipiki aende amwambie mbio iliisha.

Turudi kwa Madam. Alikuwa mfupi. Akisimama paredi nyuma ya meza, ulikuwa unaona nywele tu zikitoa amri. Lakini sauti! Akiita mtoto kwa fildi yetu, mtu huko mbali Chepsaita anaacha jembe anaitika. Asubuhi alikuwa hasalimii mtu mpaka akunywe chai. Ukimwambia habari ya asubuhi, anakuangalia ni kama wewe ndiye ulileta asubuhi. Watu wengi hawakumpenda kwa hiyo. Walimu wenzake walisema anajiskia. Mimi nilikuwa nampatia chai kwanza, halafu namsalimia, na kwangu alikuwa anaitika vizuri kabisa, "Salama, Omwami, umeamkaje?" Omwami ndiyo jina alinipatia, ni kama kusema bwana.

Na alikuwa na neno moja tu. Tafuta. Mtoto akimuuliza, "Madam, jibu ni gani?" anaambiwa, "Tafuta." Mwalimu akiuliza chaki iko wapi, "Tafuta." Siku moja chumvi yangu ilipotea, nikamuona ametoka jikoni, nikamuuliza kama ameiona. Akaniambia, "Omwami, tafuta." Nilipindua jikoni yote, nikatoa mpaka majivu ya mwaka jana. Chumvi ilikuwa kwa mfuko ya aproni yangu. Yeye alikuwa ameiona saa zote. Alisimama hapo kwa mlango na kikombe yake akiniangalia, uso ngumu kama ya polisi wa barabara, lakini chai ilikuwa inamwagika juu ya kucheka ndani.

Nilimuuliza kwa nini yeye hapeani jibu kama walimu wengine. Akasema, "Nikimpatia jibu atalisahau kabla afike geti. Akizunguka alitafute, hata akizeeka atajua ilikuwa wapi." Nikamwambia, "Na kama hatapata?" Akasema, "Atakuwa amejua shule yote."

Sasa skizeni maajabu. Huyo mama alikuwa adui ya simu. Adui kabisa! Watoto wakubwa, wale wa junior secondary, walikuwa wanaingia na simu wamezificha kwa soksi, kwa mkate, kuna mmoja alikata biblia katikati akaweka simu ndani. Madam alikuwa anazinusa. Anapita tu kwa darasa, anasimama, anageuka, "Toa." Alikuwa anazitia kwa mkebe kubwa ya mafuta ya kupikia, mkebe nilimpatia mimi, zinakaa hapo mpaka kufunga shule, mzazi akuje kuchukua. Hiyo mkebe ilikuwa inalia usiku na mchana. Walimu walifikiria iko na pepo.

Halafu term moja, sijui nini ilimpata. Akaingia jikoni amebeba mkebe, akazipanga simu zote kwa meza yangu kama mtu anauza samaki ndogo za omena, akasema, "Omwami, hizi zimekula watoto wangu. Sasa zitawafanyia kazi." Hiyo ndiyo ilikuwa mwanzo. Watoto anawagawa kwa vikundi, kila kikundi simu moja kutoka mkebe, mtoto wa tajiri na mtoto wa mwenye kuokota kuni wanaangalia kioo moja, vichwa zimegongana. Mwenye simu haruhusiwi kushika yake. Hiyo ilikuwa sheria. Mtoto anaona simu yake iko kwa mkono ya mwingine na hawezi kusema kitu. Alikuwa na ukali ya aina yake, Madam.

Maswali akayatia kwa vile viboksi vyeusi, akachapisha, lakini gamu ya kubandika haikuwa. Akaniomba uji. Mimi uji yangu, ile ya chini ya sufuria, inaweza kushikisha mlango ya kanisa. Tukabandika vikaratasi kila mahali na uji. Pale kwa tanki swali lilikuwa, hii tanki ikijaa darasa lenu itakunywa siku ngapi. Kwa choo lilikuwa juu ya minyoo, hiyo tuwachane nayo kuna mtu anakunywa chai. Na kwa boma ya ng'ombe aliuliza, hii ng'ombe iko na tumbo zake zinaitwaje.

Hapo ndiyo tulikosea. Sisi wawili, mwalimu na mpishi, watu wazima, tulibandika uji mbele ya ng'ombe.

Asubuhi watoto wakafika mbio na simu, hakuna karatasi. Ng'ombe inatafuna polepole, inawaangalia na macho ya mtu ameshiba. Ilikuwa imelamba uji, karatasi, na rangi kidogo ya ukuta. Watoto wakapiga kelele, "Madam! Ng'ombe imekula swali!" Akakuja, akaangalia ukuta, akaangalia ng'ombe, hakucheka hata kidogo. Akasema, "Haya. Iko kwa tumbo gani? Tafuteni."

Na watoto wakaenda kutafuta! Wakaingia kwa vitabu, wakabishana mpaka lunch karibu ilale. Mimi nawaambia, mpaka leo hakuna mtoto ametoka hiyo darasa hajui tumbo za ng'ombe na vile zinafuatana. Wengine wakikutana na ng'ombe barabarani wanaisalimia kama mwalimu.

Lakini ile ilinimaliza mimi ni ya jikoni. Alibandika moja kwa mlango wangu. Ukiipiga haitoi maandishi. Inatoa sauti. Sauti yake mwenyewe, alijirekodi, kwa sababu kuna watoto walikuwa wanasumbuka kusoma, na kwa sababu alijua hata mimi maandishi na mimi hatusalimiani. Simu ikasema, na ile sauti ya Chepsaita: "Jibu ya hapa haiko kwa kitabu. Iko kwa mpishi. Muulizeni vile anajua githeri imeiva bila kuonja. Na mumuulize kwa heshima." Watoto ambao walikuwa wananiita Sufuria, hata majina yangu hawajui, wakapanga laini kwa mlango. "Tafadhali Mzee, tunaomba kuuliza." Mzee! Mimi! Nilivuta kiti nikakaa nikawaeleza mambo ya githeri mpaka githeri ikaungua. Madam akaja kuonja, akasema imeungua, nikamwambia ni makosa ya masomo.

Sasa nitawaambia kitu ya uchungu, na nyinyi mnaona mimi si mtu wa uchungu.

Madam hakuwa mwalimu wa serikali. Alikuwa mwalimu wa bodi, wa kuandikwa na shule yenyewe. Wenye hamjui, mwalimu wa bodi anafundisha kama wengine, anapigiwa kelele na wazazi kama wengine, lakini kazi yake ni kama hema ya arusi. Siku yoyote wanaweza kung'oa na kiti bado umekalia. Yeye alikaa kwa hiyo hema miaka mingi, mpaka watoto alifundisha wakaanza kuleta watoto wao. Kila wakati serikali ikichukua walimu, anachukuliwa mwingine. Kijana ametoka college juzi, bado ananuka sabuni ya hosteli, anachukuliwa, Madam anabaki. Na yeye ndiye alikuwa anamuonyesha huyo kijana choo iko wapi.

Kitu moja tu alitaka duniani. Achukuliwe, awe mwalimu wa hiyo shule kabisa, aache kuuliza kila kufunga shule kama atafungua nao. Hakuwa anasema. Lakini siku moja akikunywa chai aliniambia, "Omwami, mimi nimechoka kuwa mgeni mahali nimezeekea."

Basi hedimasta akaona watoto wanakimbia na simu, akauliza hii ni nini, akaelezwa. Huyo hedimasta ni mtu anapenda wageni. Bila wageni hawezi kula. Akamwambia Madam, mbele yangu, mkono yangu ikiwa ndani ya unga, "Tuite wageni waone. Hii kitu ikifanya vizuri, Madam, jina yako ndiyo nitasukuma ya kwanza. Hiyo ni ahadi." Madam alitoka jikoni hiyo siku anaimba. Mtu wa kutosalimia watu! Aliimba mpaka stafurumu, kwa chumba ya walimu.

Wageni wakakuja. Hema, maua, soda. Watoto walikimbia hiyo siku mpaka nikafikiria wataruka, Eldoret ifungue uwanja ya ndege ingine. Code zote zilifunguka. Mgeni mkubwa mwenyewe aliingia jikoni akaniuliza juu ya githeri, na heshima, nikamjibu. Halafu hedimasta akashika maikrofoni akasema, "Hii ubunifu ni yetu kama shule, na imetengenezwa na mwalimu wetu wa kompyuta." Akasimamisha yule kijana wa sabuni, yule wa mwisho kuchukuliwa. Kijana akasimama, akaangalia viatu yake, viatu zilikuwa mpya. Watu wakapiga makofi.

Kuna msichana wa mbele akainua mkono. "Tafadhali, ni Madam ndiye alitengeneza." Hedimasta akacheka kwa maikrofoni. "Kaa chini, maswali ni baadaye." Nikatafuta Madam na macho. Alikuwa nyuma ya hema, amesimama juu ya kreti ya soda ndiyo aone. Na alikuwa anapiga makofi. Nitakufa nikiona hizo mikono. Alikuwa anapiga polepole, kama mtu anapangusa unga.

Nilimuuliza jioni, "Kwa nini haukusema?" Akaniambia, "Ameniahidi. Wacha wageni waende." Hapo ndiyo sikumuelewa. Huyo mtu alikuwa ananusa simu ndani ya biblia, lakini uongo ya hedimasta hakunusa. Ama alinusa akaamua kuvumilia harufu.

Siku ya kufunga shule alifanya vile anafanya kila term. Madam alikuwa mtu wa kufunga. Anafunga kabati, anafunga dirisha, anafunga chaki. Na code alikuwa anazifunga pia, kwa simu yake, ndiyo watoto wasiingie likizo wakatafuta majibu mapema. Maswali yote yalikuwa kwa email yake, na password kwa kichwa yake. Akapita jikoni akaniambia, "Nimefunga zote, Omwami. Tukifungua nitafungua."

Halafu likizo katikati wakamtumia message. Hawakumuita, hawakumpikia hata chai. Message. Ati shule imepata walimu wa kutosha, ati asante kwa huduma, ati Mungu ambariki. Term ikafunguliwa, nikaweka maji ya chai yake, ikachemka, ikakauka. Nilipoenda stafurumu kuuliza, nikapata kiti yake imewekwa kwa mlango, ya kuzuia mlango isijifunge na upepo.

Nusu term haijafika hedimasta akaita wageni wengine, wakubwa kushinda wale. Akaambia kijana wa kompyuta, "Washa." Kijana akapiga code ya tanki. Hakuna kitu. Ya choo, hakuna kitu. Akajaribu kukisia password. Alijaribu jina ya shule, jina ya ng'ombe, mistari ya biblia, jasho ikamtoka mpaka ile sabuni ikaisha. Wakampigia Madam, hachukui. Ndiyo hedimasta akaniita ofisini. Miaka yote nimepika hapo sijawahi kukalia kiti ya ofisi. Siku hiyo nikaambiwa, "Kaa, Mzee." Akaniambia, "Wewe na yeye mlikuwa mnaskizana. Enda kwao Ainabkoi. Mwambie atupatie tu hiyo password. Ni ya shule." Nikamuuliza, "Nimwambie arudi?" Akasema, "Mwambie tunamsalimia."

Nikaenda. Huko Ainabkoi baridi ilikuwa inang'ata mpaka kivuli yangu ilikuwa inatetemeka. Nikamkuta nyuma ya nyumba na mamake, wamekaa kwa magunia wanachagua viazi, kubwa huku, ndogo huku, za kuoza huku. Amekonda. Kanga kiunoni, matope kwa mikono. Mamake mzee sana, yuko kimya, anachagua tu. Alinipatia mursik, maziwa yao ya kibuyu, hata kabla nimalize kusalimia, na nikafikiria hajui Kiswahili.

"Omwami," Madam akasema. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuona."

"Hauna kitu mkononi na umevaa koti ya kanisa. Umetumwa." Bado alikuwa ananusa.

Akaniuliza watoto wako aje. Nikamwambia wako. Akauliza ng'ombe. Nikamwambia imezaa. Akacheka kidogo. Halafu akauliza, "Kiti yangu amepewa nani?"

Nyinyi mnanijua. Mimi naweza kudanganya mpaka mawe. Hapo nilikosa hata uongo ndogo. Nikamwambia, "Inashikilia mlango."

Akaokota kiazi, akaigeuza geuza, akaiweka kwa za kuoza na ilikuwa nzima.

"Wanataka nini?"

"Kuna wageni. Code zimekataa."

"Hazijakataa. Nilizifunga." Akaniangalia. "Wananitaka mimi ama wanataka password?"

Nikaweka mursik chini. "Madam, wanataka password."

Upepo ilikuwa inapiga mabati, mamake anatupa viazi, kubwa huku, ndogo huku. Ilikaa hivyo mpaka nikaanza kusimama. Halafu akapangusa mikono kwa kanga, kidole kwa kidole, akasema, "Lete simu yako, Omwami. Watoto hawana makosa. Watakuwa wanasimama hapo kwa tanki kama wajinga."

Nikampatia. Nilitaka kumnyang'anya na nilimpatia. Akaanza kuandika, herufi moja, ya pili, na macho imejaa, anaandika tu, ananiuliza, "Na wataniandika hata jina mahali? Hata kwa karatasi ya choo?"

Mimi nikaokota kiazi moja, nikaanza kuchagua na wao.

Ndiyo yule mama mzee, mwenye hakuwa amesema neno tangu nifike, akanyoosha mkono, akachukua simu yangu polepole, akaitia kwa gunia ya viazi ndogo, akatingisha gunia mpaka ikaenda chini kabisa, halafu akaniangalia, akasema na Kiswahili safi kunishinda:

"Si mchezo ni wa kutafuta? Mwambie hedimasta wenu akuje atafute."